Mshika Mbili

Kanuni ya nne naijua kama sala:
kituo cha barabarani kibebwe chote na gari,
redio, betri, antena, na anayebonyeza kitufe;
kiweze kuondoka muda wowote
bila kung'oa nguzo wala kukunja waya.

Kanuni ya tano ndiyo tamu.
Ukiegesha mguu ndani mguu nje,
magurudumu ya mbele Slope, ya nyuma Bowman,
salamu moja inahesabiwa mara mbili.

Basi Orville husema, "Sogea, Delphine. Kidogo. Kidogo tena,"
nami natia gia, natoa gia,
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano
kwa kutumia Buick.

Upepo wa Dakota umeiinamisha antena
mpaka inaisujudia ngano.
Yeye na visikizi vyake, macho kafumba,
anatuma nukta na vistari: Slope, Bowman. Slope, Bowman.
Wanaitika. Ohio. Tenesii. Mzee mmoja wa Slovenia
anayemjibu kila mwaka, na hawajaonana.
Mimi naandika saa, kituo, kaunti mbili.
Thelathini na nane kwa nusu saa.
Penseli imekuwa butu.

Nikashuka kunyoosha mgongo.
Na nyuma ya kibao cha mpaka, ndani ya nyasi,
hatua kumi na moja kusini,
nikaliona shimo lake la zamani,
zege limeachama.
Labda katapila la theluji lilikigonga,
na mtu mwenye haraka akakisimika alipochoka.

Ng'ombe tu ndio walioniona.
Wasimamizi wako mbali, wanasoma makaratasi;
kanuni haina macho, ina mahali pa kutia sahihi.
Nilisimama na lile shimo
dakika nzima. Ndefu.

Kisha nikagonga kioo.
Orville akahesabu hatua kwa buti zake, akarudia,
akitumaini zitapungua.
Akacheka kama mtu aliyekanyaga reki.
Nikakata Bowman, mstari kwa mstari,
mpaka ubutu wa penseli ukachana karatasi.

Tukarudi nyuma hatua kumi na moja. Tukaita upya.
Kimya. Upepo. Kisha, polepole, yule wa Slovenia:
*Bowman ulishanipa.*

*Ile haikuwa Bowman,* Orville akatuma.
*Hii ndiyo.*

Kimya kirefu kuliko bahari iliyo kati yao.
*Nimepokea. Na ile nimeifuta.*