Kitanga cha Mizani

Baba alinitajia jiwe lake huku anakunywa uji,
kana kwamba ananituma chumvi:
"Lisizidi goti la mtoto. Jina usiandike.
Aliyeniumba hanitafuti kwa maandishi."

Miaka arobaini alitengeneza mizani Kariakoo,
mtaa wa Mahiwa, kigoda kimoja na tupa tatu.
Wauza maharage walimwogopa.
Aligusa ulimi wa mizani kwa ukucha, akasema:
"Huu unasema uongo. Gramu kumi."
Usiku wa kuamkia Ijumaa alikwenda kwenye zikri,
akarudi sauti imemkauka,
mara nyingine na viatu visivyo vyake.
Hakuvidai vyake. Alivisafisha hivyo hivyo.

Faraji, kaka yangu, alileta picha kwenye simu:
marumaru nyeusi, herufi za dhahabu,
uzio wa chuma wenye kufuli.
"Kufuli ya nini? Nani atatoka?"
Siku mbili hakula kwangu.
Simlaumu. Kila mtu huzuni yake huipa kimo.

Mimi kazi yangu ni kuchora:
vyoo vya shule, ngazi za maghorofa ya Upanga.
Kupandisha najua. Kushusha sikufundishwa.
Mchoro wa kwanza ulikuwa na kuba. Nikafuta.
Wa pili, mihirabu miwili midogo. Nikafuta.
Wa tano ulikuwa mwezi tu, mwembamba,
nao niliuona unajisifu.
Mezani kukajaa vumbi la raba.
Nikalikusanya kiganjani, nikawaza: labda hili.

Kunduchi Mtongani, fundi Pazi akanionyesha tumbawe
lenye matundu kama mkate wa kumimina.
"Hili lilikuwa hai," akasema. "Lilikula, lilizaa.
Bahari ikaondoka, ikalisahau huku juu.
Kufa limekwisha kufa; halitamharakisha mzee wako."
Kufeni kabla ya kufa, baba alikuwa akisema,
nami nilidhani ni maneno ya uchovu.
Nikalipa palepale, bila kuomba punguzo,
kosa ambalo yeye asingenisamehe.

Juu ya jiwe nilitaka kishimo,
upana wa kitanga cha shaba alichoniachia.
Nilikipeleka nimekifunga kwenye kanga;
fundi akakizungushia mkaa ukingoni, akaanza kugonga.
Kichwani mrehani. Ukoka utajijia wenyewe.
Kuti bichi nililochomeka siku ya maziko
limekauka; wanasema humsabihi Mola
maadamu lina maji ndani yake.
Basi nipande chenye mizizi,
kiendelee na hesabu mimi nikiwa kazini.

"Na ramani yenyewe?" fundi aliniuliza.
Nikampa karatasi.
Akaigeuza, akatazama na nyuma.

Vuli ilipoanza tulikwenda Ndugumbi, mimi na Faraji.
Kishimo kimejaa mvua, sawasawa hadi ukingoni.
Akaja kunguru, huyu huyu mwizi
anayelaaniwa na kila jiko la Dar,
akanywa, akainua shingo, akanywa tena.
Faraji akaokota kijiwe amfukuze.
Akakishika.
Akakishika muda mrefu,
kisha akainama, akakiweka chini polepole,
kama mtu anayeongeza ratili ya mwisho
na hataki ulimi ucheze.