Nne Zimekwenda, Tatu Zimerudi

Saa mbili asubuhi foleni imeshafika barabarani,
kina mama wa Kadutu, vitabu vya akiba kwapani,
na kwenye kioo duara linazunguka, linazunguka,
kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko uliotoboka.

"Seva imekufa," anasema Mugisho wa kaunta.
Mugisho huzika haraka.
Mimi huanza kwa kubisha hodi.

Nafungua dirisha jeusi. Sipakui kitu, sinunui kitu;
kila mashini huzaliwa nalo, wachache hulichungulia.
Naandika ping, kisha anwani yangu mwenyewe,
mia ishirini na saba, sufuri, sufuri, moja:
kujigusa kifua kabla ya kumlaumu jirani.
Nimejiitikia. Basi nipo.

Nabisha kwa ruta, pale juu ya kalenda ya parokia.
Milisekunde moja. Yupo, hana maneno mengi.

Nabisha kwa seva, kule Nguba, karibu na maji.
Jibu.
Jibu.
Muda wa kungoja umekwisha.
Jibu.

Mama Nabintu ameniinamia begani, ananukia moshi na vitunguu.
"Iko inasema nini?"
Nimetuma nne, mama. Zimerudi tatu.
Anahesabu bila vidole. "Robo nzima!
Nyanya za Kabare zikinifikia hivyo, namkamata dereva."

Haya, tumkamate dereva.
Nafuata njia, kituo kwa kituo.
Cha kwanza, ruta yetu, mzima.
Cha pili, mnara wa kilimani, anachechemea: milisekunde mia tisa.
Cha tatu, nyota tatu tu.
Nyota si kifo; wako wapitishao mizigo ya watu
bila kuitikia salamu.
Ugonjwa uko kabla yake, kati ya ukuta wetu na mnara.

Napanda ngazi hadi kwenye bati.
Mvua ya usiku bado inadondoka kutoka Karhale,
na juu ya sahani ya antena, limetandazwa vizuri,
likiinamisha shingo ya chuma,
koti la Mugisho linakauka.

Nashuka nalo mkononi. Sisemi neno.
Nabisha tena: nne, nne.
Foleni inasogea kama kifua kilichokohoa kikapona.

"Na ile moja iliyopotea," anauliza Mama Nabintu,
"nani anaenda kuitafuta?"
Haitafutwi, mama. Hutumwa nyingine.

Ananyamaza,
muda mrefu kuliko milisekunde zote za leo,
kisha anatia kidole gumba kwenye wino.