Hapa Nimuulize Singano

Barua iliingia saa tano usiku,
umeme wa Makorora umerudi punde, feni inakohoa.
"Mheshimiwa sana Profesa Mntambo," ilianza,
nikageuka nyuma nione Profesa kaingia saa ngapi.
Mimi ni msaidizi wa utafiti, daraja la pili,
profesa wa kupima majani ya mkonge kwa rula ya plastiki.

Wameisoma kazi yangu, walisema, kwa furaha isiyo kifani.
Kazi ipi? Sikuwa nimechapisha hata tangazo la msiba.
Lakini sifa haibishi hodi:
ikijua umelala na njaa
itapita hata tundu la ufunguo.

Miaka minne nimekwenda Ngomeni
kuhesabu mabaka meusi,
Singano mbele na kisu cha kukatia, mimi nyuma na daftari,
miiba ya ncha ikinisalimu mapajani.
Yeye analipwa kwa mizigo, si kwa maswali,
ila kila swali langu alilisimamia mpaka likajibika.

Dola mia tatu na hamsini.
Kikoba cha akina mama wa Chuda kikanikopesha.
Niliwaambia ni ada.
Sikudanganya sana. Ujinga nao una ada yake.

Unga wa vitumbua wenyewe hulazwa uumuke;
makala yangu iliumuka, ikakaangwa, ikapakuliwa
kati ya Alhamisi na Jumamosi.
Wahakiki watatu, wakaniandikia, wameipitia neno kwa neno.
Hongera, Profesa.

Ikatoka.
Jarida la Dunia la Sayansi Zote:
mkonge wangu umelazwa mzungu wa nne
na meno ya watoto na lami ya barabara.
Jina langu Zubela. Baba yangu Mtambu.
Na ukurasa wa sita, katikati ya Kiingereza changu cha kupigwa pasi,
imekaa sentensi niliyojiandikia mwenyewe usiku mmoja
nisisahau:

Hapa nimuulize Singano.

Imewekewa nukta. Imepangwa sawa na wenzake.
Wahakiki watatu, macho sita,
na hakuna hata mmoja aliyeuliza Singano ni nani.

Kamati ya vyeo ilikaa Machi.
Haikusoma, ilihesabu. Makala: moja. Jarida: la dunia.
Nikapandishwa. Tulikula pilau.
Nilicheka na kila mtu, na wali ukanikwama kooni.

Mwezi wa sita simu ikatoka Korogwe,
afisa ugani, sauti ya mtu mwema:
"Dada, jedwali lako tunalifuata hapa kwa wakulima wadogo.
Hii mistari unayosema inastahimili ugonjwa,
miche yake tunaipata wapi?"
Nikamwambia mtandao unakatika.
Haukukatika.

Nikawaandikia wenye jarida: ifuteni.
Walijibu siku ile ile, kwa adabu zile zile.
Kuifuta, Profesa, ni dola mia mbili.

Jumapili nikapanda pikipiki hadi Ngomeni,
karatasi nimezikunja ndani ya khanga.
Singano alikuwa ananoa kisu mlangoni kwake.
Kiingereza hajui, na hakujisingizia kujua.
Alizipokea, akapitisha kidole mstari hata mstari,
polepole, kama anayetafuta mbegu kwenye mchele,
ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano,
na ule wa sita kidole kikasimama.

"Huyu mimi."
"Ni wewe."
Akasoma kwa sauti, maneno matatu yote,
akaniangalia, kisu bado magotini.
"Sasa mbona hukuja? Ulitaka kuniuliza nini?"

Nikamwambia: ile mistari iliyopandwa upya baada ya moto.
Niliichanganya na mikongwe.
"Wa kumi na saba na wa kumi na nane," akasema, hata hakufikiri.
"Ile haina mabaka kwa kuwa bado michanga.
Ngoja iote, utayaona."

Nikaomba penseli.
Hakuwa nayo. Akanipa kipande cha mkaa.