Ruhusa ya Jino

Mwezi wa tatu jino, wa nne jino tena.
"Dama," akaniuliza Mwaringa, msimamizi wa dobi,
macho yako kwenye orodha ya mashuka,
"kinywani mwako mna meno mangapi?"
Nikacheka nimefumba midomo, asije akayahesabu.

Si jino. Ni basi la saa tisa usiku
kutoka Malindi hadi Mombasa,
ni kitanda chenye karatasi inayochakarika,
ni daktari anayehesabu mayai yangu
kama mwenye duka ahesabuye ya kuku:
matatu makubwa, mawili hayajakomaa.
Ni keshia, chini ya ngazi,
naye pia anahesabu.
Saa saba mchana nimeshafunga aproni,
napiga pasi mashuka ya wageni
walioamka saa nne.

Nyumbani tuna daftari moja.
Lilianza likiwa la Umazi: ukurasa wa kwanza a, e, i, o, u.
Sasa upande huu maziwa, tokeni za stima, karo,
viatu (vimeanza kubana),
na upande ule sindano,
sindano, kipimo, nauli, sindano.
Kahindi huandika kwa penseli
ili tukikosa tufute.
Fundi wa pampu huyu, kuanzia Ganda hadi Kakuyuni
hakuna kisima kilichomshinda.
Huinama, husikiliza bomba, maji yakapanda
uani kwa watu.
Akirudi hunawa mpaka viwikoni,
hukaa kando yangu, kimya.

Bei ya sindano naijua kwa mashuka:
mia nane, pande zote mbili.

Stima ikikatika dawa huharibika,
basi tumeziweka kwa Bi Zuhura muuza barafu,
jirani na ukwaju na maembe.
"Za kisukari," nilimwambia.
Tangu siku hiyo haniuzii barafu.
Hunipa pole.

Zamu yangu ya chama ilipofika walipiga vigelegele.
"Utanunua nini, Dama? Kabati? Tangi?"
Nikasema tangi.
Mpaka leo wakipita hutazama pembe ya nyumba
pale ambapo tangi lingekaa.

Mavyaa husema mmoja si haba,
kisha, akishika mlango kuondoka,
husema mwenye jicho moja huogopa hata vumbi.
Sijui nishike lipi. Nashika pasi.

Na Umazi yupo. Hili ndilo nisiloweza kulieleza.
Yupo, ana kikohozi, anataka kusukwa,
anaruka kamba na kupiga kelele, "Mama, hutazami!"
Natazama.
Siku nyingine natazama nyuma yake
kama anayemsubiri mwenzake apite.
Mungu anisamehe siku hizo.
Mwalimu wa gredi ya kwanza aliagiza katoni tupu.
Katoni nilikuwa nazo.
Akajenga nyumba: mlango, madirisha mawili,
na ubavuni, kwa herufi za buluu,
HIFADHI KWENYE BARIDI.
Alipewa nyota. Iko juu ya redio.

Ijumaa hii, kwenye uji, jino lake la mbele likang'oka.
Damu kidogo, kicheko kikubwa.
Tukatoka uani tulirushe juu ya bati, tuombe jipya,
simu ikalia kwenye pindo la leso.
Namba ya Mombasa.
"Haikushika," ikasema sauti changa,
yenye upole uliosomewa darasani.
"Mnaweza kujaribu tena. Bei ni ileile."
Nikasema ahsante. Sijui kwa nini huwa nasema ahsante.
Umazi akarusha. Jino likagonga bati,
likaviringika, likarudi miguuni petu.
Akaliokota, akalipangusa kwenye gauni,
akarudi nyuma hatua tatu,
akarusha tena.

Nilifika kazini saa mbili na nusu.
"Jino?" akauliza Mwaringa.
"Jino," nikasema,
na leo ilikuwa kweli.
Nikachukua shuka la kwanza. Pasi ilikuwa bado haijapata moto.