Mstari Mtupu

Tulifika jua halijavuka milima ya Maskati,
milima mikavu kama kifuu kilichokunwa kikaisha.
Mlinzi Mofizul akatufungulia geti kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi.

Shangazi Thuwaiba akashusha kioo, akanusa.
"Hapa pananuka nini?"
Nikamwambia kweli, maana yeye hadanganyiki:
haya ni maji ya mji mzima, shangazi,
ya masinki na vyoo, ya udhu wa alfajiri,
ya lile sufuria ulilolisugua jana ukoko ukakataa kutoka.
Yanapita mitamboni, yanachujwa, yanatua Ansab,
na wenye mbawa hawakuuliza yametoka wapi.

Akacheka mpaka mtandio ukamteleza.
"Kumbe na mimi nimechangia!"

Kibandani mna tundu refu, jembamba,
tukapanga nyuso zetu tatu: yeye, mimi, Shadya wangu
na daftari lake la shule, kalamu imechongwa tangu jana.
Nje, matete. Nje ya matete, heroe,
mia na ushei, shingo chini, midomo imepinduliwa topeni.
Sikuona ule wekundu wa kwenye picha.
Walikuwa weupe, weupe wa maziwa
yaliyoangukiwa tone moja la sharubati.
"Hebu watazame," akanong'ona shangazi,
"wanachuja tui."

"Baba, na yule ni nani?"
Kiswahili changu mimi ni cha jikoni, cha kuombea chumvi.
Kwangu wote hao ni ndege,
na ndege pia ile inayoshuka Seeb
imekunjua magurudumu juu ya vichwa vyetu,
na hakuna hata mmoja bwawani aliyeinua jicho.

Shangazi akaitwaa darubini, akaigeuza, akaigeuza tena.
Akanyamaza.
Kisha: "Kitwitwi."
Polepole, kama anayevuta sanduku uvunguni
akihofia nondo wameshamaliza.
"Sululu, huyo wa mdomo uliopinda.
Yangeyange. Mnandi, anaanika mbawa, mvivu yule.
Kuku-ziwa."
Aliondoka Wete na miaka kumi na saba.
Tangu hapo nani alimwuliza habari za sululu?
Shadya anaandika mbio, kwa herufi za Kiarabu,
ulimi nje kidogo pembeni mwa mdomo.

"Na huyu, bibi? Wa miguu myekundu, kama vijiti?"
Kimya.
"Huyu simjui." Akashusha darubini. "Au nilimjua."
Mtoto akaacha mstari mtupu.

Ndipo kipanga wa matete akapita, chini chini, bila haraka,
na bwawa lote likasimama.
Heroe wakafungua mbawa: humo ndani, ajabu,
mlikuwa na wekundu mkali na weusi wa wino,
bitana ya joho la arusi
lililovaliwa kinyume asubuhi nzima.
Hatukusema kitu.
Wakazunguka mara moja, wakarudi, wakajifunga,
wakawa tena watu wa kuchuja tui.

Getini pana kitabu: jina, uraia, saa ya kutoka, maoni.
Shangazi hakukaa kwenye uraia, kalamu ilipita tu.
Kwenye maoni akasita, akavuta kiti.
Akaandika Kiswahili kwa herufi zilezile za daftari la Shadya.
Mofizul aliyefunzwa kusoma msahafu kijijini kwao, Sylhet,
akainama, akafuata kwa kidole, sauti kwa sauti,
kila herufi mahali pake, bila kuelewa hata moja:
*maji safi, wageni wengi.*
"Sahihi?" akauliza kwa Kiarabu.
"Sahihi," akasema shangazi,
na akamtaka arudie.

Usiku, saa tano, simu ikalia.
"Yule wa miguu myekundu."
Akanitajia jina. Nikaamka, nikawasha taa, nikatafuta kalamu.
Nikamsikia anapumua.
"La," akasema. "La, huyo ni mwengine.
Usimwandikie."