Ukucha wa Gumba

Kucha tisa nazikata kila Jumapili.
Ule wa kumi, wa gumba la kulia, nauacha urefuke:
ndio kipimo changu, na hakihitaji betri.

Isabirye alipoona mwanamke anashuka kwenye boda
na mfuko wa katani begani,
alichungulia nyuma yangu kumtafuta fundi.
"Fundi yuko njiani?"
"Amefika. Niwashie tochi."

Kerezo lilisimama katikati ya banda, huku Masese,
kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa.
Rangi ya juzi. Bado yanukia.
Kizuri chajiuza, na kibaya siku hizi chapakwa rangi.
Sikuisemesha. Nilipiga magoti
nikapitisha ukucha juu ya reli ya kitanda
kutoka mkiani, polepole, kuelekea kichwani.
Mkiani laini, kama siku kilipotoka kiwandani,
maana nani hufanyia kazi mkiani?
Shibiri moja kabla ya kichwa, ukucha ukajikwaa.
Hapo behewa limekwenda na kurudi miaka thelathini
likikereza kitu kifupi kilekile,
pini za minyororo ya kiwanda cha sukari, labda,
pini, pini, pini,
mpaka chuma kikabonyea kama godoro la mgonjwa.
Ukucha ukavunjika.

"Ni kidogo tu," akasema Isabirye.
Ni kidogo. Hata unywele ni kidogo, hadi uukute kwenye posho.

Nikazungusha mkono wa kusogeza kisu:
robo nzima ya mzunguko imekwenda bure, kisu kimelala.
Hilo la kawaida, nati ya shaba nitaichonga mwenyewe.
Nikafungua kifuniko cha gia, nikahesabu meno kwa kijiti cha kiberiti.
La ishirini na tatu limechomelewa,
na aliyelichomelea alikuwa na haraka, au njaa.
Taya za kushikia ni tatu: mbili ndugu, moja wa kambo,
namba yake haifuatani na wenzake.
Kisha nikaleta ncha ya mkia ikutane na ncha ya kichwa,
wembe katikati yao.
Wembe ulisimama wima, haukuinama upande wowote.
Nikageuka nikakohoa, nisije nikatabasamu kabla ya bei.

"Washa."
"Umeme umekatika, dada. Lakini mashine inafanya kazi, naapa."
Kiapo hakina beringi.
Nikavuta debe la rangi ileile ya kijani, nikakaa.
Saa nane. Saa tisa. Akaleta chai ya tangawizi,
akaanza habari za kaka yake aliyemwachia banda na deni,
za karo, za mota aliyoisuka upya mara mbili.
Sikumwuliza. Nilisikiliza tu,
kwani mtu naye ukimzungusha taratibu
utajua wapi amelegea.
Saa kumi na dakika kumi balbu ikapepesa.

Gia ya kwanza, kama mtu anayesali kwa siri. Ya pili, vilevile.
Ya tatu ikabisha hodi: ko, ko, ko,
jino la ishirini na tatu likijitambulisha.
Nikaweka kiganja kichwani, juu ya beringi,
robo saa, kama mama. Vuguvugu. Hakina homa.
Nikatoa mfukoni kipande changu cha chuma, nikakikereza,
uzi wa buluu ukajikunja ukanidondokea kiatuni.
Nikapima mwanzo, nikapima mwisho:
tofauti ya nywele mbili.

Alitaka milioni kumi na moja.
Nikaweka mezani kipande cha ukucha.
"Huu utaota tena mwezi huu. Reli yako haioti."
Tukaishia saba na nusu, na lori juu yake.

Giza likaingia vijana wanne wakihema.
Si hapo! Msifunge kamba kwenye parafujo,
ikipinda nitakuwa nimewalipa kubeba chuma chakavu.
Kitandani, Mukose, kitandani.
Na hilo behewa lisukumeni mkiani kwanza,
kule palipo pazima.