Uji wa Ukutani

Katutura, usiku wa manane.
Ndahafa alikoroga uji mzito, hakutia chumvi:
huu si wa kunywa.
Unga ndio ulikuwa wa mwisho.

Kwenye bango, mwanamke kashika bunduki,
shingo ndefu, haoni njaa.
"Huyu nani?" nikamuuliza.
"Sijui. Mchoraji kamtoa kichwani.
Shika ndoo."

Tulibandika kumi na saba,
la mwisho ukuta wa kilabu cha pombe.
Alfajiri askari wakakwangua uso,
wakakwangua bunduki.
Mkono uligoma,
umegandia tofali kama ukoko wa sufuria.

Nyumbani mwanawe alifunua chungu.
"Mama, uji uko wapi?"

Ndahafa akamnawisha uso,
akamshika mkono,
wakaenda kuutazama.